Taa ya Nyuma, Upande wa Kulia

Wateja wangu karibu wote huja wakiomba nisikute ubovu mkubwa. Yule mzee alikuja akiomba niukute.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, nimefungua banda muda si mrefu, bado natandaza turubai sakafuni. Alifika akiendesha mwenyewe kwa mwendo wa pole, binti yake amekaa nyuma na mkoba mapajani. Pikipiki yenyewe ilikuwa ya zamani, ya enzi zile madigadi, vile vikinga tope vya juu ya magurudumu, yakiwa ya chuma, lakini iling'aa kama imetoka dukani jana. Bluu iliyokolea, na kwenye tangi mstari mwembamba wa rangi ya maziwa, umenyooka bila kutetereka kutoka mbele hadi nyuma.

Jirani yangu, mama fundi cherehani, ambaye tunagawana ukuta mmoja na kelele zote, alisimamisha mashine yake akachungulia.

"Leo Polepole kaletewa bibi harusi," alisema.

Polepole ni mimi. Ndilo jina walilonipa hapa mtaani na sina ugomvi nalo. Sikusomea ufundi. Nilianza na redio, nikizifungua na kuzifunga mpaka nikaelewa umeme unatoka wapi na unarudi wapi. Watu walipoanza kusikiliza kila kitu kwenye simu, nikahamia pikipiki. Wenzangu wa barabara ya pili wanaijua injini kwa mlio tu, lakini tatizo likiwa la nyaya hukunja uso na kumwelekeza mteja kwangu.

Mzee alizima injini, akaweka stendi, akafuta kwa kiganja vumbi ambalo mimi sikuliona. Kiwiko chake cha kulia kilikuwa na bandeji.

"Fundi," alisema binti, "tuna jambo la indiketa. Mara zinawaka, mara haziwaki. Au zinawaka siku zote na tatizo ni jingine. Hilo ndilo tunataka utuambie."

"Tatizo jingine lipi?"

Walitazamana. Aliyejibu ni mzee.

"Mimi."

Nikawapa vigoda wakae. Binti alikuwa muuguzi, na alieleza kama mtu aliyezoea kukabidhi zamu: mambo kwa mpangilio, bila kutia chumvi. Jumamosi iliyopita baba yake alikuwa anakata kulia aingie nyumbani kwake. Pikapu iliyokuwa nyuma ikawa inampita, wakagusana. Mzee akaangukia kwenye majani, akachunika kiwiko. Dereva alishuka akaapa kwamba hakuona taa yoyote ikipepesa. Mzee naye akaapa aliwasha. Na haikuwa mara ya kwanza. Mwezi mmoja nyuma jirani alimpigia honi pale pale, na kabla ya hapo binti mwenyewe, akitoka dukani kwa miguu, alimwona baba yake akikata kona bila ishara.

"Jumapili naondoka," alisema. "Kazini wamenipeleka mafunzo, miezi mitatu. Tumekubaliana na baba. Ukikuta pikipiki ina ubovu, tengeneza, naye aendelee kuendesha. Ukikuta ni nzima, ufunguo naondoka nao mimi."

"Na wewe mzee wangu umekubali?"

"Nimekubali kwa mdomo wangu, hakuna aliyenishika shati." Alitazama pikipiki, siyo mimi. "Ila utafute vizuri, mwanangu."

Nina daftari. Kabla sijashika spana humwuliza mwenye chombo maswali manne na kuandika majibu kama alivyoyasema, hata kama yamepinda. Tatizo hutokea lini? Halitokei lini? Likitokea unaona nini? Nani ameigusa mara ya mwisho?

Mzee alijibu polepole, akiiangalia kalamu yangu. Hutokea barabarani. Nyumbani akijaribu huwaka zote nne. Siku ya pikapu aliwasha, akaona kile kitaa cha kijani hapo karibu na usukani kimewaka.

"Una hakika kiliwaka?"

"Nilikiona kwa macho yangu. Kijani, kimetulia, kinaniangalia."

Nikaandika: kijani, kimetulia, kinaniangalia.

"Na nani ameigusa mara ya mwisho?"

"Hakuna. Oili namwaga mwenyewe, cheni napaka grisi mwenyewe. Waya sijawahi kugusa, naziogopa kama nyoka."

Nikaandika: hakuna.

Binti aliwahi kazini. Mzee akabaki, akauliza kama anaweza kukaa. Nikamwambia kigoda hakina mwenyewe.

Nilianza na betri, maana betri dhaifu hufanya taa zote ziwe na tabia mbaya. Ilikuwa nzima, vichwa vyake visafi, vimefungwa kikamilifu. Nikaangalia fyuzi, nikafungua swichi ya mkono wa kushoto. Ndani mlikuwa na uchafu kidogo wa kawaida, nikaupangusa. Nikachomoa flasha, kile kikopo kidogo kinachokata umeme na kuurudisha ili taa ipepese, nikaweka nyingine niliyokuwa na uhakika nayo. Hakuna tofauti. Nikarudisha ya kwake. Nikafungua vioo vya taa zote nne, nikatoa balbu, nikazipima, nikazirudisha. Nikafuata nyaya kwa vidole kutoka mbele hadi nyuma, nikizivuta na kuzikunja mahali penye kona.

Taa zilipepesa. Kulia, kushoto, kulia. Nikaziacha za kulia ziende huku nikihesabu mara zinazopepesa.

"Mia na arobaini na mbili," nilisema kwa sauti bila kukusudia.

"Sasa anahesabu," alisema mama fundi cherehani kutoka kwake. "Mzee, huyu ukimwachia mpaka kesho utamkuta bado anahesabu. Mimi alinitengenezea pasi, nguo za wateja zikakaa siku tatu na mikunjo."

"Na pasi ikoje sasa?" aliuliza mzee.

"Inapata moto vizuri mpaka leo, sina la kusema."

Mzee alicheka. Ndipo mazungumzo yakaanza. Alikuwa fundi rangi, amepaka nyumba za watu kwa miaka arobaini na mmoja. Sasa amestaafu, ila hajaweza kuacha brashi zikauke. Nilipomsifu kwa ule mstari wa tangini alinionyesha mkono wake wa kulia, akaunyoosha mbele yangu. Haukutetemeka hata chembe.

"Mkono bado," alisema. Kisha akagonga kichwa chake kwa kidole. "Ninachokiogopa kiko huku."

Nikaendelea kufunga skrubu za kioo. Mtu akitaka kusema, ukimtazama sana hunyamaza.

"Kaka yangu alianza hivi hivi," alisema. "Alianza na kibiriti. Anawasha njiti, anaishika, halafu anasimama. Hajui alitaka kuwasha nini. Moto unafika kwenye kidole ndipo anashtuka. Tulicheka wote, na yeye akacheka. Sasa yuko kwa binti yake, kule ng'ambo ya daraja, hanijui jina. Kila Ijumaa naenda kumnyoa ndevu. Hataki mtu mwingine amshikie wembe. Mimi hanijui, lakini shavu lake linaujua mkono wangu."

"Kule gari linafika?"

"Gari gani? Barabara ile hata mbuzi wanaijadili kwanza." Alifuta kiti cha pikipiki kwa kiganja. "Ufunguo ukiondoka Jumapili, miguu yangu haifiki kule. Basi mimi kila asubuhi nikinawa uso najipima. Nataja nyumba kumi nilizopaka, na rangi zake. Ya mwalimu mkuu, krimu na kahawia. Zahanati, nyeupe na kijani cha majani. Zote kumi. Mwanangu hajui. Sijakosa hata siku moja. Lakini je, kama kuna nyumba ya kumi na moja nimeisahau, nitajuaje?"

Niliwasha tena indiketa ya kulia.

Jioni ile sikuwa nimepata kitu. Alhamisi pia sikupata. Nilikagua breki, nikarekebisha cheni iliyokuwa imelegea kidogo, nikapulizia hewa kichujio, kazi ndogondogo ambazo pikipiki yoyote huzihitaji na ambazo mikono yangu hufanya huku kichwa kikiwa mahali pengine. Kila baada ya muda niliwasha indiketa ya kulia, nikishika taa ya nyuma kwa mkono mmoja na mita ya kupimia umeme kwa mwingine. Kila mara umeme ulifika, na kila mara ulirudi. Mita haikuwa na lawama yoyote.

Mzee hakuja siku hiyo. Binti ndiye aliyepita, akiwa na sare bado, viatu mkononi na kandambili miguuni.

"Umekuta?"

"Bado, dada."

"Bado, au hakuna?"

"Bado. Sijamaliza."

Alikaa kwenye kigoda cha baba yake. Alikuwa na uchovu wa mtu aliyesimama kutwa.

"Kaka fundi, nakuomba kitu kimoja. Kama hakuna, usimtafutie. Najua watu wanampenda, wanaweza kumsetiri. Kuna mtu kule mtaani ameshaniambia niseme tu waya ulikatika, yaishe. Halafu mimi niwe darasani huko niliko, simu iite." Alivaa na kuvua kandambili moja. "Na kama hakuna, umwambie wewe. Mimi nimejaribu kulisema mbele ya kioo, nimeshindwa."

"Kesho saa kumi jioni," nilimwambia. "Nitasema nilichokiona. Sitaongeza wala kupunguza."

"Kesho ni siku yake ya kwenda kwa baba mkubwa."

"Najua. Ataichukua pikipiki asubuhi, nami nitakuwa nyuma yake na ya kwangu."

Alinitazama kama ananipima joto. Kisha akaitikia kwa kichwa akaenda.

Ukweli ni kwamba wakati namwambia hivyo sikujua nitakachokitafuta huko barabarani. Nilikijua Ijumaa asubuhi, nikisubiri chai ipoe, nikirudia daftari langu tangu mstari wa kwanza. Kijani, kimetulia, kinaniangalia.

Niliweka kikombe chini.

Kitaa kile cha kijani hakitakiwi kutulia. Indiketa ikifanya kazi, kijani hupepesa pamoja nazo. Kwenye pikipiki za zamani kama ile, kikiwaka na kutulia, maana yake taa moja ya upande ule haipati njia ya umeme, na flasha ikikosa mzigo wa taa mbili husimama bila kukata. Taa moja inawaka kama mshumaa, nyingine giza. Mzee alinijibu siku ya kwanza, kwa maneno kamili, nami nikaandika kwa mwandiko mzuri halafu nikaenda kuhesabu mpaka mia na arobaini na mbili.

Kumbe aliyestahili kuulizwa habari za kumbukumbu ni mimi.

Mzee alipofika sikumwambia kitu. Mtu akijua unachokitafuta huanza kukisaidia. Nilimwambia tu aende mwendo wake wa kawaida, akate kona zake kama siku zote, asinifikirie. Alikuwa amefunga wembe, sabuni na taulo kwenye mfuko nyuma ya kiti. Nikamfuata kwa karibu, kidogo ubavuni, mahali ninapoweza kuona kidole gumba chake cha kushoto pale kwenye swichi na taa ya nyuma kwa wakati mmoja.

Kona ya kwanza, penye duka la vifaa vya ujenzi, kidole kilisogea. Taa ikapepesa. Safi.

Kona ya pili, penye bomba la maji, kidole hakikusogea. Mzee alikata kushoto kimya kimya, kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nikiwa bado natafakari hilo nikatazama usukani wangu mwenyewe, na hata mimi sikuwa nimewasha.

Baada ya daraja lami ikaisha. Barabara ilikuwa ya mawe na mashimo, na pikipiki ya mbele yangu ikaanza kucheza, madigadi ya nyuma yakitikisika. Tulienda hivyo kwa muda. Njia ya kwenda kwa kaka yake ilikuwa kulia, penye kibao cha mbao. Hatua thelathini kabla ya kibao niliona kidole gumba kikisogea kwenda kulia, wazi kabisa, na kikabaki hapo.

Taa ya nyuma haikuwaka. Nilisubiri. Haikuwaka.

Nilipiga honi. Mzee akasimama palepale, mguu mmoja chini.

"Nimekosea nini?" aliuliza kabla hata hajageuka.

"Usiguse kitu, mzee wangu. Kitazame kitaa chako cha kijani."

"Kimewaka."

"Kinapepesa?"

Aliinama. "Kimetulia."

"Kaa hivyo hivyo."

Nilishuka nikaenda nyuma. Taa ya nyuma ya kulia ilikuwa imekufa. Nikaishika, na mara tu mkono wangu ulipoikandamiza, ikaamka na kuanza kupepesa. Nikaiachia. Ikaendelea mara mbili, ikazima. Nikaishika tena. Ikaamka.

Siku mbili nzima nilikuwa nimeishika hivyo ili niipime. Mkono wangu mwenyewe ndio uliokuwa unaficha ugonjwa.

Tulizisukuma zote mbili mpaka uani kwa kaka yake, hatua chache tu kutoka pale. Kaka mtu alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki, mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, ndevu nyeupe za wiki moja. Alitutazama kwa adabu kama wageni. Mzee alimsalimia, akamshika bega, akaniambia, "Endelea, fundi. Maji ya kunyolea yanachemka."

Nilitoa bisibisi na spana namba kumi, nikalegeza nati inayoshika shina la taa kwenye madigadi. Nilipoivuta nikaona. Pale taa inapokaa, chini ya nati, chini ya washa, kile kipete chembamba cha chuma, ndani ya tundu lenyewe, palikuwa pamepakwa rangi. Bluu iliyokolea, nene, laini, safi kabisa. Nikakwangua kwa ncha ya bisibisi: chini ya bluu, bluu nyingine, na chini yake rangi ya kijivu ya kuzuia kutu.

"Mzee wangu," nilimwita. "Hii rangi ulipaka lini?"

"Mwezi wa nne. Niliifungua yote nikaipaka upya. Si uliisifu mwenyewe?"

"Nilikuuliza nani ameigusa mara ya mwisho."

"Ukauliza, nikakujibu." Alikuja na taulo begani, amekasirika kidogo. "Sikuigusa. Niliipaka rangi."

Nilikaa chini kwenye vumbi nikacheka, na sikuweza kumweleza mpaka nilipomaliza. Kisha nikamweleza. Umeme huenda kwenye taa kwa waya, lakini kwenye pikipiki hii haurudi kwa waya. Unarudi kwa chuma: shina la taa linagusa madigadi, madigadi yanagusa fremu, fremu inarudi kwenye betri. Rangi haipitishi umeme. Taa za pikipiki yake zilikuwa zinapata njia kwa bahati tu, pale uzi wa bolti ulipochubua rangi kidogo. Pikipiki ikisimama, inagusa. Ikianza kurukaruka, hasa mtu akipita mashimo, inaachia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo niliwasha."

"Leo umewasha, nimeona kwa macho yangu. Na siku ya pikapu, kama kijani kilitulia, uliwasha."

Aligeuka akatazama ukuta wa nyumba kwa muda. Sijui alikuwa anaona rangi gani pale.

"Lakini mzee," nilisema, "kwa nini ulipaka mpaka chini ya washa? Pale hakuna anayepaona."

"Pale ndipo kutu inapoanzia," alisema, kama mtu anayemfundisha mjinga bila kumdharau. "Mtu anayepaka panapoonekana tu ni mchoraji, siyo fundi rangi. Nilizitoa taa zote nne. Nilipaka mara tatu, nikisubiri ikauke kila mara."

"Basi zote nne tutazikwangua."

Uso wake ulikunjamana kama mtu aliyeambiwa jino zima ling'olewe. Nilimwonyesha kwamba panahitajika duara dogo tu, saizi ya washa, chuma kionekane. Nikatoa msasa nianze. Aliuchukua mkononi mwangu.

"Rangi yangu naikwangua mwenyewe."

Kwanza alinyoa. Alimfunika kaka yake taulo, akampaka povu, akaanza shavu la kushoto, akipitisha wembe kwa mkono ule usiotetemeka. Kaka mtu alifumba macho akainua kidevu bila kuambiwa. Alipomaliza alimfuta, akamgeuzia kiti aone pikipiki, ndipo akaja kwenye kazi yetu.

Aliniomba utepe wa gundi. Akaukata vipande, akauzungushia kila tundu kuweka mpaka, ili msasa usivuke hata unywele. Alikwangua ndani ya mpaka tu mpaka chuma kikang'aa, akapuliza vumbi, akaenda lingine. Mafundi wengine wangemaliza zote kwa dakika tano. Sisi tulimaliza kwa saa nzima, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mimi ninayesubiri. Nikapaka grisi kidogo juu ya chuma kitupu kutu isirudi, nikazirudisha taa, nikakaza nati.

"Washa ya kulia," nilisema.

Niliipigapiga taa ya nyuma kwa kiganja. Niliketi juu ya kiti cha pikipiki nikarukaruka. Nikatikisa madigadi kama mtu anayemwamsha mlevi. Kitaa cha kijani kilipepesa, na taa zikapepesa nacho.

"Inawaka," alisema kaka mtu kutoka kwenye kiti chake.

Mzee aligeuka haraka.

"Inazima," alisema kaka yake, akiitazama kwa makini sana. "Inawaka. Inazima. Inawaka."

"Ndiyo kaka," alisema mzee. "Hivyo hivyo."

Tuliiacha ipepese kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na jambo moja kichwani: kona ya bomba. Nilikuwa nimemwahidi muuguzi sitaongeza wala kupunguza. Ubovu nimeukuta, nimeushika mkononi, hakuna ubishi. Lakini kidole ambacho hakikusogea nacho nilikiona. Nikijiambia kila mtu husahau kona moja, ni kweli, hata mimi nilisahau ile ile. Nikijiambia basi si lazima kuisema, hapo nahisi naanza kuwa kama yule mtu wa mtaani kwao. Tulipofika bandani saa kumi kasoro, binti alikuwa tayari kwenye kigoda, na mama fundi cherehani amemtengea chai. Sare hakuwa nayo. Mikono alikuwa ameifungamanisha mapajani.

"Fundi," alisema.

"Nimeukuta." Nikamweleza tangu mwanzo: kijani kilichotulia, taa iliyokufa penye kibao, rangi chini ya washa. Nilimpa kile kigamba cha bluu nilichokikwangua kwanza, akakiweka kiganjani akakigeuzageuza kwenye mwanga. Macho yake yalikuwa yanajaa maji polepole. Nikafungua mdomo nimalizie.

"Kuna jambo jingine," alisema mzee, kabla yangu. "Asubuhi, kona ya bomba la maji, sikuwasha. Nilikuwa nawaza kama wembe nimeutia kwenye mfuko. Nilipomaliza kukata ndipo nikajua, na fundi alikuwa nyuma. Hakuniambia kitu, lakini aliona. Siyo, fundi?"

Nilimtazama. "Niliona."

"Kwa hiyo hilo ni langu, siyo la rangi," alimwambia bintiye. "Uliandike."

Binti alianza kucheka na kufuta macho kwa wakati mmoja, kwa kiganja kile kile kilichoshika kigamba, mpaka bluu kidogo ikabaki shavuni.

"Baba," alisema, "unakumbuka kona uliyosahau, na ulichokuwa unawaza."

"Ndiyo. Kwani?"

"Baba mkubwa hakuwahi kuikumbuka njiti hata moja."

Mzee alikaa kwenye ukingo wa turubai langu, na nikaona mabega yake yakishuka taratibu, kama mzigo uliokuwa umefungwa huko tangu Jumamosi umefunguliwa kamba. Halafu akasema, akitazama chini, "Nyumba zile kumi, kesho nitaziweka kumi na mbili."

Binti hakuelewa, nami sikumweleza. Hiyo ilikuwa ya kwake mzee kuisema.

Walipanga mambo yao pale pale mbele yangu, kama watu waliosahau wako bandani kwa mtu. Ufunguo utabaki. Mwisho wa kila mwezi pikipiki itakuja kwangu, na siku hiyo hiyo mzee atapita kliniki kwa muuguzi mwenzake bintiye akapimwe kumbukumbu, bila kusingizia kwamba ana mafua tu. Na kila Ijumaa akifika kwa kaka yake atapiga simu. Mzee alikubali yote isipokuwa simu, ambayo aliigeuza kuwa ujumbe, kwa sababu alisema wembe na simu haviendi mkono mmoja.

"Polepole," aliniita mama fundi cherehani wakati wanavaa kofia, "sasa ule ubovu ulikuwa wa nani? Wa pikipiki au wa mzee?"

"Wa rangi," nilisema. "Na kidogo wa kwangu."

Nilichukua daftari. Chini ya yale maswali manne nikaongeza la tano: Umeipaka rangi? Halafu nikafikiri, nikaongeza mbele yake: Umeiosha, umeipamba, umeibandika chochote? Maana watu hawahesabu kupenda kitu kuwa ni kukigusa.

Mzee aliwasha injini. Binti akapanda nyuma, mkoba mapajani, mkono mmoja kwenye kiuno cha baba yake. Barabara mbele ya banda ilikuwa tupu, hakuna gari wala mtu, na wangeweza kutoka tu. Nilisikia binti akisema kitu sikioni mwake, naye akijibu, "Najua, najua, acha nifanye mwenyewe." Kidole gumba kikasogea. Taa ya nyuma, upande wa kulia, ikaanza kupepesa. Nikaanza kuhesabu, na nilifika tisa walipokata kona.